Kitanda cha ukutani cha zamani: namna ya kukikagua kabla hujakilalia

Wapanda miamba wanaokwea kuta ndefu, zile za kuchukua siku tatu au hata wiki nzima, hulala katikati ya ukuta juu ya kitanda cha kuning'inia. Ni fremu ya mabomba ya aluminiamu, kitambaa kigumu kilichokazwa ndani yake, na mikanda inayopanda kutoka pembeni na kukutana juu kwenye pete moja. Wenyewe wanakiita potaleji. Kipya ni ghali, na kwenye maduka ya hapa Dodoma hukipati hata ukiwa na hela mkononi. Vinavyotufikia ni vya zamani: mgeni kamaliza safari, kaona mzigo wa kurudi nao ni mzito, kamwachia mwenyeji wake, au kimetoka kwenye robota la mitumba na muuzaji anadhani ni machela. Changu nilikipata kwa njia hiyo ya pili.

Niseme mapema kwamba majabali yetu, kuanzia haya ya mjini mpaka njia ya Kondoa na ya Singida, hayamlazimishi mtu kulala juu. Unapanda alfajiri, unashuka kabla jua halijawa kali. Lakini kijana anayejiandaa kwenda Poi kaskazini mwa Kenya, au Tsaranoro kule Madagaska ambako ukuta unafika mita 800 hivi, lazima ajifunzie mahali. Anajifunzia hapa, kwenye jabali la mita thelathini, na kitanda anachojifunzia ni hiki hiki cha zamani. Kwa hiyo kukikagua si jambo la hiari.

Swali la kwanza la kila mtu huwa ni "kina miaka mingapi?" Mimi naanza na jingine: kilikaa wapi hiyo miaka yote?

Hatua ya 1: Tafuta historia yake

Geuza kitanda, tafuta lebo. Mara nyingi imeshonwa kwenye ukingo wa kitambaa au kwenye mkanda mmojawapo karibu na kona. Unatafuta mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi wa mikanda na vifaa vya nguo vya kupandia huweka ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kifaa hakijawahi kutumika. Ukomo huo ni wa nguo na mikanda. Fremu ina hesabu yake, nitaifikia.

Kama ni cha miaka ya 1980 mwanzoni, kuwa mwangalifu zaidi, maana vingi vya wakati ule vilikuwa na fremu nyembamba. Machi 1986 John Middendorf na wenzake wawili walinaswa na dhoruba kwenye ukuta wa kusini wa Half Dome, California, na vitanda vyao vikawavunjikia huko juu. Waliokolewa kwa helikopta. Baada ya hapo Middendorf alianzisha kampuni ya A5 na kutengeneza vitanda vyenye fremu imara, na mwaka 1992 yeye na Xaver Bongard walivilalia kwenye Great Trango, Pakistan, katika baridi na upepo wa milima ile. Kwa hiyo umbo la fremu lina maana kuliko rangi ya kitambaa. Mabomba membamba yanayocheza kwenye viungio hata baada ya kukazwa ni ya kuachwa, usiyapambe kwa mikanda mipya.

Halafu muulize aliyekuwa nacho. Kilikaa Pwani? Chumvi ya bahari hula aluminiamu pale inapogusana na skrubu za chuma, na utaona unga mweupe ndani ya viungio. Kilianikwa juani? Kilisafirishwa nyuma ya pikapu pamoja na betri? Hili la betri watu wengi hulipuuza, na nyumba nyingi huku kwetu zina betri ya sola kwenye kona ya stoo. Tindikali ya betri huua nailoni bila kuacha alama ya kuaminika. Mkanda unaweza kuonekana mzima kabisa na ukakatika kama uzi wa buibui. Hata mvuke wa betri inayochajiwa si wa kukaa nao karibu. Ukipata jibu la "sikumbuki, labda", hesabu mikanda yote kuwa imekufa.

Hatua ya 2: Mikanda na mishono

Hapa ndipo pa kutumia muda. Keti chini, mchana, mahali penye mwanga, na upitishe kila mkanda kati ya vidole vyako sentimita kwa sentimita, kutoka kwenye kona mpaka kwenye pete ya juu.

Kila baada ya kipimo cha vidole vinne, ukunje mkanda uwe kama herufi U juu ya kidole gumba. Ukikunja, nyuzi zilizokatika husimama na kuonekana kama manyoya. Kwaruza kwa ukucha. Mkanda mzima unateleza. Uliochomwa na jua una ukavu fulani na wakati mwingine huacha unga mwembamba kwenye ukucha. Bonyeza ukitafuta sehemu ngumu kama plastiki iliyoyeyuka, maana nailoni huyeyuka kwa joto la kusuguana.

Sasa fungua bizimu, yaani kile chuma ambacho mkanda unapitia na kubanwa, na uuvute mkanda nje. Sehemu iliyokuwa imefichwa chini ya bizimu haikuona jua. Linganisha. Kwenye kitanda changu sehemu ile ilikuwa nyekundu kama nyanya iliyoiva, na kidole kimoja pembeni yake mkanda ulikuwa wa waridi iliyofifia, karibu nyeupe. Rangi kupauka si kipimo kamili cha nguvu, kwa sababu rangi nyingine hupauka upesi na nyingine hukawia. Lakini inakueleza jua limepiga wapi, na jua la Dodoma si la mchezo. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na tangu Mei mpaka Novemba wingu ni la kutafutwa. Mionzi hiyo hukata minyororo ya nailoni kidogo kidogo kutoka juu kwenda ndani.

Uzi wa mshono hufa kabla ya mkanda. Wenyewe uko juu, umejitokeza, mwembamba, unapokea jua na msuguano wote. Kagua kila mshono wa zigizaga, ile mistari minene iliyoshonwa kwa kurudiarudia pale mkanda unapokunjwa na kuungana. Hesabu. Mshono mmoja ukiwa umefumuka au nyuzi zake zikiwa zimelika, mkanda huo hautumiki tena. Usiushone juu yake.

Nilijifunza hili kwa uzembe wangu. Kitanda nilikitundika stoo kwa miaka mitatu, kwenye msumari karibu na dirisha linalotazama magharibi. Dirisha halina kioo, lina nondo na wavu tu. Nusu ya kitanda ilikuwa gizani nyuma ya kabati, nusu ilipigwa na jua kila alasiri. Nilipokitoa, nilikitundika kwenye mwembe uani, kimo cha goti, nikaanza kupanga madumu ya maji. La sita nilipolisogeza kwenye kona ya upande wa dirisha, mshono ulifumuka. Haukutoa kishindo. Ulitoa sauti ya mtu anayefungua zipu polepole, kona ikashuka, madumu yakabingirika mpaka kwenye banda la kuku. Mikanda ya upande wa kabati, kitanda kilekile, mwaka uleule, iliendelea kushika. Tangu siku hiyo ndipo swali langu la kwanza likawa kilikaa wapi.

Kuhusu kubadilisha. Nilipeleka mkanda ule kwa mama mmoja anayeshona maturubai ya malori pale Sabasaba, cherehani yake ni ile nzito ya kutoboa ngozi. Aliushika, akauvuta, akauliza, "Mwanangu, hiki kinabeba nini?"

"Kinabeba mtu, mama. Juu."

Akanirudishia. "Basi mimi sikishoni. Niletee turubai."

Alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata. Kitambaa cha kulalia na turubai la mvua mpe fundi mzuri. Mikanda ya kubebea usimpe. Nunua mkanda mpya wa kupandia, uliofumwa kama bomba lililobapa, usio na mshono pembeni, na uufunge kwa fundo la maji: funga fundo la kawaida upande mmoja, kisha urudishe ncha ya pili kwa kuifuata njia ileile kutoka upande wa pili, bapa juu ya bapa, bila kujipinda. Acha mikia isiyopungua sentimita 8, kaza kwa uzito wa mwili, na kagua mikia hiyo kila unapokitumia kwa sababu fundo hili lina tabia ya kujilegeza kidogo kidogo likibebeshwa na kuachiwa.

Pete ya juu na kitanzi chake usivifanyie ubahili. Uzito wote unakutana hapo. Weka kitanzi kipya cha kiwandani chenye alama ya 22 kN, ambayo ni sawa na kubeba zaidi ya tani mbili, hata kama cha zamani kinapendeza machoni.

Hatua ya 3: Fremu

Vua kitambaa chote. Panga mabomba juu ya sakafu ya saruji iliyo laini na uyabiringishe moja moja. Lililopinda litaruka. Kisha lipitishie kiganja: unatafuta bonde, hata dogo, na mahali ambapo duara limebonyea likawa yai. Bomba jembamba lina nguvu kwa sababu ya uduara wake. Likibonyea, hapo ndipo litakapokunjika.

Usilinyooshe. Usilichomelee. Mafundi wetu ni hodari wa gesi na watakwambia ni kazi ya dakika tano, lakini mabomba haya hupata ugumu wake kwa kupikwa kiwandani, na joto la kuchomelea huondoa sehemu kubwa ya ugumu huo pembeni mwa kiungo. Utaona kiungo kizuri na bomba laini kando yake. Na usikubali bomba la aluminiamu la madirisha hata likiwa na unene uleule, kwa kawaida aina ile ni laini zaidi. Agiza la aina, kipenyo na unene sawa na la awali, au chukua kutoka kwenye kitanda kingine kilichokufa mikanda.

Nyufa hujificha kwenye kona, pale bomba linapoingia kwenye kiungio, na kuzunguka matundu ya ribiti. Aluminiamu huchoka kwa kukunjwa mara nyingi hata kama mzigo ni mdogo, na uchovu huo haupoi kwa kupumzishwa. Kuna njia ya zamani ya mafundi wa injini ambayo ni rahisi na inafanya kazi. Safisha kona kwa sabuni, kausha. Paka mafuta ya taa kwa brashi, subiri nusu saa ili yaingie kwenye ufa kama upo. Futa kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa. Saga chaki nyeupe ya shule, ipake juu yake iwe unga mwembamba. Subiri tena. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda kwenye chaki na kuchora mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Nilipoifanya mara ya kwanza sikuona kitu kwenye kona tatu, na kwenye ya nne mstari ulijitokeza taratibu, nikiutazama, wa urefu wa ukucha. Kwa macho matupu kona ile ilikuwa nzima. Osha mafuta yote kabla hujarudisha kitambaa.

Mpira wa lastiki unaopita ndani ya mabomba ukiwa umelegea, badilisha. Haubebi mzigo, kazi yake ni kushikanisha vipande tu, ila usiku kwenye ukuta bomba moja likikuponyoka mkononi hulioni tena.

Hatua ya 4: Kitambaa na turubai la mvua

Kwenye kitambaa cha kulalia angalia kona nne na ukingo unaovikwa kwenye bomba, maana hapo ndipo kinasuguliwa na mwamba. Tundu dogo linawekwa kiraka cha kitambaa cha aina hiyo hiyo, kwa uzi wa poliesta, ambao huvumilia jua kuliko wa nailoni. Uzi wa pamba hapana.

Turubai la mvua linusa. Utando wa ndani wa kuzuia maji ukizeeka hunata vidole na kutoa harufu ya matapishi. Ukifika hapo haurekebishiki. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na unaweza kujidanganya kwamba hulihitaji. Kwa mazoezi sawa. Kwa safari ya milimani, nunua jipya.

Jambo moja ambalo hewa yetu kavu inalificha: nailoni ikilowa hurefuka na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Kitanda ulichokikaza kikawa kama ngoma hapa Dodoma kitalegea kwenye ukungu wa mlimani, na fremu iliyokuwa imesimama kwa mkazo wa kitambaa itaanza kucheza kwenye kona. Kwa hiyo kabla ya safari kimwagie maji, subiri saa moja, kisha tazama kama mikanda ya kukazia bado ina nafasi ya kuvutwa. Kama imeshafika mwisho, kitambaa kimevutika na hakifai kwenda mbali.

Hatua ya 5: Kipime kwa mzigo, chini

Tundika kwenye tawi nene la mti mzima au boriti unayoiamini, kimo kisichozidi goti. Usiweke mguu wala mtoto chini yake. Weka alama ya kalamu kwenye kila mkanda pale unapotokea kwenye bizimu.

Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 na kidogo. Watu wawili na mizigo yao ya usiku hawako mbali na kilo 200, hivyo andaa madumu kumi. Panga taratibu, moja moja, ukianzia katikati. Yakishatimia yaache saa nzima, kisha tazama alama za kalamu. Mkanda uliotembea kwenye bizimu kwa zaidi ya upana wa kidole una tatizo: meno ya bizimu yamelika au mkanda umekuwa mwembamba. Kisha punguza yabaki manne na uyasogeze yote kwenye kona moja, halafu nyingine, mpaka uzimalize zote. Mtu anapogeuka usingizini au kuketi pembeni kuvaa viatu, kona moja ndiyo inayobeba.

Baada ya hapo kilalie wewe mwenyewe. Jigeuze, keti pembeni, simama. Sikiliza.

Kipimo hiki kinakuonyesha kilichokwisha kufa tu. Hakikwambii kitanda kitafanya nini upepo ukikinyanyua na kukiachia. Ndiyo maana kabla hujaenda jabalini zoea hili: mkanda wako wa kiunoni ufungwe kwa kamba moja kwa moja kwenye nanga iliyo kwenye mwamba, si kwenye kitanda, si kwenye pete yake. Usiulegeze usiku, usiufungue unapovaa koti. Kitanda kikikatika, utaning'inia kwenye kamba yako, utaamka vibaya, lakini utaamka.

Hatua ya 6: Mara ya kwanza jabalini

Chagua mahali pa kufika kwa kuteremka kwa kamba kutoka juu, mita tano tu. Muone mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kabla, mweleze unachofanya. Watu wakikuta mtu analala ukutani bila taarifa wana haki ya kushtuka. Chungulia nyufa siku moja kabla, mchana, ukiwa mbali: nyuki wa porini wanapenda majabali yetu kuliko sisi, na mtu aliyefungwa kwenye nanga hana pa kukimbilia. Ukiwa upande wa Kondoa, kaa mbali kabisa na miamba yenye michoro. Ile ni urithi wa dunia tangu 2006, na hata vumbi la kamba linaiharibu.

Hatua ya 7: Kukitunza

Vumbi la hapa ni la mawe, kila punje ina makali. Likiingia ndani ya mkanda hukata nyuzi kutokea ndani kila mkanda unapovutwa. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, kamwe si kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini, kwa upepo wetu wa Julai hakimalizi nusu siku.

Kitunze kwenye gunia safi au begi la kitambaa, limening'inizwa kwenye kamba katikati ya chumba chenye giza, si chini ambako mchwa watalifikia na si kwenye boriti ambako panya wanapita. Mbali na betri. Si juu ya dari chini ya bati, maana joto la pale mchana ni la kuoka. Bandika kikaratasi chenye tarehe ya kila mkanda ulioubadilisha.

Mkanda ulioukataa ukate vipande vifupi siku hiyohiyo, kabla ya kuingia ndani kula. Niliwahi kuutupa mmoja mzima kwenye pipa, na wiki mbili baadaye nikaukuta umefungwa kwenye bembea ya watoto wa jirani. Nilimwomba jirani kisu pale pale.